Tunaandaa matembezi ya hisani, tufanyeje ili msaada usiishie siku ile ile?

Nuru_ya_Jioni

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo hasa nyie mliowahi kuandaa hivi vitu. Sisi ni kikundi cha marafiki na majirani, kila mwaka tukikutana tunasema mwaka huu lazima tufanye kitu kwa jamii halafu inaishia kwenye maneno, safari hii watu wamekaza kweli. Tumekubaliana kuandaa matembezi ya hisani, kila mshiriki ananunua fulana, hela itakayobaki tunaenda nayo kituo cha kulelea watoto, tunawapelekea zawadi, tunashinda nao tunacheza, tunapiga picha jioni tunaondoka.

Sasa kinachonikaa moyoni ni kesho yake. Sisi tutakuwa tumerudi makwetu tuna furaha, wale watoto wanaamka na shida zile zile. Nililisema hili kwenye kikao, mwenzetu mmoja akanijibu nikianza kuwaza hivyo hatutafanya lolote, bora hicho kidogo kuliko kukaa bure. Na kweli namuelewa, lakini naona kuna kidogo kinachomsaidia mtoto na kuna kidogo kinachotufurahisha sisi tuliotoa, na kwa mipango ilivyo sasa naogopa tunaelekea kwenye hicho cha pili. Pia upande wa hela, tusimamie vipi? Vikundi vingi naona vinavunjikia hapo. Nishaurini bila kunionea aibu.

MamaWawili

Mpendwa karibu sana. Mimi ni mlezi kwenye kituo, kazi ninayoifanya kila siku, na swali lako hili wageni wetu wengi huwa hawaulizi kabla hawajaja, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo unisamehe.

Kwanza wageni wanakuja kwa mkupuo. Kukiwa na sikukuu tunapokea makundi mpaka tunapanga zamu, kundi moja linatoka lingine linaingia, halafu inapita miezi hata simu hailii. Ukiingia stoo yetu utakuta mifuko ya nguo za watoto wadogo imejaa mpaka juu, wakati watoto wengi tulionao ni wakubwa, tuna mabinti waliovunja ungo wanahitaji taulo za kike na chupi kila mwezi na hivyo hakuna anayeleta, maana zawadi ya namna hiyo haipendezi kwenye picha. Hakuna pia anayekumbuka bili ya umeme, dawa, nauli ya kumpeleka mtoto kliniki, wala mishahara ya walezi. Mlezi akikosa mshahara anaondoka, na mtoto aliyekuwa amemzoea anampoteza mtu wa pili au wa tatu maishani mwake.

Halafu hili la kucheza nao siku nzima. Tuna kijana mmoja mdogo, akisikia tu gari linaingia getini anakimbia kunawa uso, anakuja kusimama kwenye mstari kabla hajaambiwa, anajua kabisa picha inapigwa wapi na acheke vipi. Jioni mkishaondoka anakuja jikoni ananiuliza yule anko aliyenibeba atarudi lini. Mimi nimjibu nini? Nyie mlikuja kwa upendo na sina lawama, ila mtoto haelewi kwamba ilikuwa shughuli ya siku moja, yeye anajua amepata mtu.

Na kitu kingine ambacho watu wengi wakikisikia wanashtuka, watoto wengi walioko vituoni duniani sio yatima. Wana mzazi mmoja au wote wawili wako hai, na wengi wamefikishwa kituoni kwa sababu ya umaskini, ugonjwa au ndoa kuvunjika. Umoja wa Mataifa mwaka 2009 ulipitisha mwongozo wa malezi mbadala ya watoto, na umesema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Maana yake ni kwamba kama kuna mama mtaani kwenu amebakiza hatua moja ampeleke mwanawe kituoni kwa sababu hana kodi wala ada, hela ya matembezi yenu ikimshika mkono huyo mama inaweza kumuokoa mtoto kuliko zawadi ya kumletea akishafika huku.

Kwa hiyo nendeni kwanza watu wawili tu, bila kamera wala fulana, mkae na msimamizi na walezi muulize hapa kitu gani kinaisha kabla ya mwezi kwisha. Na wale watoto wakubwa waulizeni pia, wana akili zao na wanajua wanachokosa. Afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu naye aulizwe, atawaambia na familia zipi ziko kwenye hali mbaya.

Fundi77

Mimi nimelelewa kituoni na nisingependa watu wasome hapa waanze kuogopa kuja. Siku za wageni zilikuwa siku nzuri, mtoto naye ana haki ya kucheka na kula kushiba bila kila kitu kupimwa kwa faida. Ila mama hapo juu kasema kweli kuhusu wanaopotea. Katika wageni wote waliopita pale ninaemkumbuka kwa sura na jina ni mzee mmoja fundi baiskeli aliyekuwa anakuja Jumamosi na boksi lake la spana, hakuwahi kuja na zawadi, anatukalisha chini anatufundisha kuziba pancha na kunyoosha rimu, mnyororo ukichomoka anakwambia rudisha mwenyewe mimi nakuangalia. Nikitoka pale nilikuwa na kazi mkononi. Nyie kwenye kikundi chenu lazima kuna fundi, mwalimu, muuguzi, mtu wa kompyuta, wapangeni hao wapokezane muda huo huo kila wiki mwaka mzima, itawagharimu kidogo kuliko hizo fulana.

Mhazini_Mkweli

Nimeshika hela za shughuli za hisani kwa muda mrefu, hapa kwenye hela niachieni mimi.

Cha kwanza kabisa kabla hamjachapa fulana hata moja kaeni mpige hesabu ya gharama. Fulana, spika, mahema, maji ya washiriki, gari la huduma ya kwanza, vibali, ulinzi wa barabarani, ukijumlisha unaweza kukuta shughuli nzima imekula zaidi ya nusu ya makusanyo na watu wanarudi nyumbani wakiamini walichanga kumbe wamejilipia sherehe. Tafuteni wadhamini wabebe gharama za siku, mwenye mahema atoe mahema, mwenye maji atoe maji, ili hela ya mshiriki iende yote kwa mlengwa, na kama haiwezekani yote basi semeni mapema kwenye tangazo kwamba kiasi fulani kitabaki kwenye maandalizi. Watu hawakatai gharama, wanachokataa ni kufichwa.

Hela isikae kwenye simu ya mtu, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu na mbili kati ya hizo ndio zitoe, anayepokea asiwe yeye anayelipa, na kila senti inayotoka iwe na risiti. Wiki hiyo hiyo baada ya shughuli wekeni taarifa watu waione, zimeingia kiasi gani, zimetoka wapi na wapi, zimebaki ngapi, hata kama kuna sehemu hesabu haijapendeza. Vikundi vingi havivunjwi na wizi, vinavunjwa na ukimya, mtu akiuliza mara mbili hajibiwi anaanza kujijibu mwenyewe.

Na amueni sasa hivi hela inaenda kwenye kazi gani, tena kazi moja yenye jina. Mnamkumbuka Terry Fox wa Kanada? Kijana aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa, mwaka 1980 akaamua kuivuka nchi yake kwa mbio kutoka pwani hadi pwani kwa mguu wa bandia, kuchangisha hela za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoingia kwenye mapafu akalazimika kusimama, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na miaka 22. Yule kijana alikataa kampuni kutumia mbio zake kujitangazia biashara, na alikuwa anasema hela ni za utafiti, basi. Matamanio yake yalikuwa dola moja kwa kila Mkanada, watu kama milioni 24 wakati ule, na kabla hajafa makusanyo yalishavuka dola milioni 24. Mbio za jina lake bado zinakimbiwa kila mwaka tangu 1981. Mtu anakimbia mara ya ishirini kwa sababu anajua hela yake inakwenda wapi.

Hata ile ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu mwaka 2014, wengi waliona ni mambo ya video za mitandaoni, lakini chama cha Marekani cha wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli mpaka inapooza, kilipokea dola milioni 115 na sehemu ikaenda maabara, mwaka 2016 watafiti waliofadhiliwa na hela hizo walikuwa kati ya waliotambua jeni inayohusika na ugonjwa huo, inaitwa NEK1. Video ilipita, maabara ilikuwepo kabla yake na ikabaki baada yake. Nyie nanyi tafuteni kazi ambayo ipo tayari na watu wake wapo tayari, muimwagilie.

Tulizo

Naongezea upande wa watu, maana kwenye hizi shughuli tunazungumzia hela na vitu tunamsahau anayeibeba kazi kila siku. Mama mlezi hapo juu kataja mishahara kwa sentensi moja akapita, naomba msipite kama yeye. Nimefanya kazi na watu wa kujitolea kwenye kupokea simu za watu waliokata tamaa ya kuishi, najua mtu anavyoweza kuisha kidogo kidogo akihudumia wengine huku yeye hana wa kumuuliza umeshindaje.

Hii huduma ya simu kuna kasisi mmoja London, Chad Varah, aliianzisha mwaka 1953. Walikuja watu wa kawaida kumsaidia, kazi yao ikiwa kumpa mgeni kiti na kikombe cha kitu cha moto wakati anasubiri zamu yake ya kuzungumza na kasisi, na kasisi akaja kugundua wengi wakishakaa na wale wasaidizi na kusikilizwa vizuri hawahitaji tena kumuona yeye. Mwaka uliofuata akawakabidhi kazi ya kusikiliza. Yaani usimdharau mwenzenu asiye na taaluma yoyote, akiwa anajua kukaa na mtu bila kumkatiza anaweza kuwa ndiye wa muhimu kuliko wote kwenye kundi lenu.

Na kuhusu kuuliza wahitaji wenyewe, benki ya chakula ya kwanza, ile ya Phoenix kule Marekani iliyoanzishwa na John van Hengel mwaka 1967, inaelezwa wazo alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa anaokoteza chakula kilichotupwa na duka ili alishe wanawe, ndiye aliyesema ingekuwepo sehemu kama benki, mwenye ziada aweke na asiyenacho achukue. Leo benki za chakula ziko nchi nyingi mno. Aliyekuwa na shida ndiye alikuwa na jibu, mwenzake akamsikiliza akalifanyia kazi.

Ushauri wangu, kwenye bajeti yenu tengeni fungu la walezi. Mtu wa kushika zamu wikiendi moja kwa mwezi ili mama alale, mafunzo, hata bima ya afya mkiweza.

Nuru_ya_Jioni

Asanteni sana jamani sikutegemea majibu mazito hivi. Nimewasomea wenzangu kwenye kikao hiki chote, hata yule aliyenibishia amekubali kwenda yeye mwenyewe kuonana na msimamizi kabla ya kutangaza chochote. Matembezi yapo pale pale, fulana tumezipunguza ziwe kwa wasimamizi wa njia tu, mshiriki atapewa riboni. Tuna mwalimu wa hesabu na fundi umeme wameshajiandikisha kwenda kwa kupokezana, nikajiandikisha na mimi. Swali langu la mwisho ni picha, wadhamini wanataka picha, tufanyeje?

MamaWawili

Wapigeni picha mkitembea barabarani, hapo hakuna shida. Kwa watoto msipige sura, na kama ni lazima ionekane kazi basi pigeni stoo iliyojaa, bomba lililotengenezwa, risiti ya bili iliyolipwa, mdhamini mwenye nia njema ataelewa. Mtoto akikua akakuta sura yake imeandikwa yatima mtandaoni hakuna wa kumfutia.

Na mwalimu wa hesabu mleteni haraka, wa darasa la mwisho mitihani iko karibu. Mkishajua siku na saa zake mwambieni msimamizi aziandike kwenye ratiba ya ukutani, na siku akipata dharura apige simu kabla, tuwaambie watoto wasikae kumsubiri.