Zawadi ni moja: nimpe aliyechora ramani ya visima au aliyevitafuta?

BintiMicheweni

Assalamu alaykum. Mie ni mwalimu wa jiografia katika skuli moja ya sekondari huku Wilaya ya Micheweni, Pemba. Nna mambo mawili yananikosesha usingizi, na siku ya wazazi imebaki wiki mbili.

Tangu muhula uanze nna kundi la wanafunzi 14 wa Kidato cha Tatu. Kila Jumamosi baada ya chuo cha Qurani tunatoka kwenda kupima visima vya shehia yetu. Vifaa vyetu ni simu mbili, yangu na ya mwalimu wa hesabu, kompyuta moja iliyotiwa QGIS, programu ya kuchorea ramani, na daftari kubwa la mistari. Nilianza kwa sababu kwenye usomaji wa ramani watoto walikuwa wanakariri tu skeli na kontua za milima wasiyoiona maishani. Nikasema basi wachore kwao. Leo wana visima 63. Kila kimoja kina jina, kina chake kwa pima za kamba, kama maji ni matamu au yana chumvi, na kama kinakauka kiangazi. Nimesomesha miaka tisa, sijapata kuona watoto wanakuja skuli Jumatatu wamekwishafanya kazi ambayo sikuwapa.

La kwanza ni la kiufundi. Skuli ina karatasi ya zamani ya ramani ya huku kwetu. Tumeipiga picha, tukaitia kwenye QGIS, tukaipachika kwa namba za gridi zilizoandikwa pembeni. Nukta zetu zote zikasogea kusini. Kisima kilicho nyuma ya msikiti kimeangukia katikati ya bonde la mpunga. Lakini juu ya picha za angani nukta hizo hizo zinakaa mahali pake. Watoto wameanza kusema labda wamekosea kupima, na mie sitaki waingiwe na shaka hiyo kama si kweli.

La pili ndilo zito. Siku ya wazazi kuna zawadi moja ya kundi letu, kamusi na mkoba. Mkuu wa skuli anataka apewe kijana aliyechora ramani. Wallahi kijana anastahiki. QGIS alijifunza mwenyewe mpaka akanifundisha mie namna ya kupanga matabaka na rangi. Ramani yake ukiiona utadhani imetoka ofisini.

Lakini kuna msichana mmoja ambaye kompyuta ameigusa mara mbili tu. Katika visima 63, visima 41 vimepatikana kwa miguu yake na kwa ulimi wake. Hukaa na kina mama wanaofua, akawasaidia kuvuta maji, ndipo akauliza. Sie wengine tulikuwa tunafika na simu mkononi, watu wananyamaza. Kisima kilicho karibu nasi tulikuwa tumekiandika "Kisima cha Skuli". Yeye ndiye aliyerudi na jina lake la haki alilopewa na bibi mmoja, Kivunjamitungi. Na kulikuwa na kisima kimoja mzee alimwomba kisiandikwe kwa sababu kipo pahala pa mzimu. Msichana akaja akanambia, "Maalim, nimeshamuahidi." Hatukukiandika. Ndiyo maana visima ni 63 na si 64.

Sasa nimpe nani? Na nitamwambiaje mkuu?

MpimaNgambo

Wa alaykum salaam maalim. Nnajibu la kwanza, maana ndiyo kazi yangu hapa Unguja.

Watoto hawajakosea. Angalia maandishi madogo pembeni mwa hiyo karatasi. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na simu zenu zinatumia WGS 84. Misingi hii miwili inalikadiria umbo la dunia kwa namna tofauti, kwa hiyo namba zile zile zinaangukia pahala pawili, na kwa upande wetu huu tofauti inafika kama mita 300. Dalili yake ni hiyo uliyoiona: nukta zote zimehama upande mmoja kwa masafa yale yale. Makosa ya watoto yangetawanyika, huku moja, kule moja.

Dawa ni nyepesi. Ukiona imeandikwa Arc 1960 na gridi yake ni ya UTM, ile gridi ya mita inayoigawa dunia kwa kanda, wakati wa kuipachika karatasi chagua Arc 1960 UTM kanda ya 37 kusini, namba yake kwenye QGIS ni 21037. Nukta za simu ziache zilivyo, usizisogeze kwa mkono hata moja. Programu itabadilisha yenyewe na kisima kitarudi nyuma ya msikiti.

Jambo jengine. Uwanjani simu ya kawaida hukosea kama mita 5. Chini ya mikarafuu na miembe hukosea zaidi. Waiweke simu ukingoni mwa kisima, wasubiri mpaka ile namba ya usahihi itulie, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na kisima.

Mwaka 2016, wakati Kamisheni ya Ardhi na Benki ya Dunia walipoanza kuipiga picha Zanzibar nzima kwa droni, wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walifunzwa kuzirusha, na mie nilikuwa nikizifanyia kazi picha zile. Unaona mnazi mmoja mmoja, unahesabu mapaa. Kisima kilichofunikwa na mwembe hukioni, wala jina lake. Hiyo kazi ya msichana wako sie tulikuwa hatuna.

MaalimJambiani

Dada yangu, mie nakuelezea yaliyonikuta, kisha utaamua mwenyewe.

Nilikuwa na kundi kama lako, sie tulichora mashamba ya mwani ya pwani yetu. Mwaka wa kwanza zawadi nilimpa aliyekaa kwenye kompyuta, kwa sababu ndiye niliyekuwa namuona kila siku. Mwaka wa pili walipojiandikisha wanafunzi wepya, wote walikuwa vijana wenye kompyuta nyumbani. Wasichana ambao mama zao wanalima mwani, wanaojua kila kamba ni ya nani na maji yanatoka saa ngapi, hakuja hata mmoja. Hakuna aliyewakataza. Walikuwa wamekaa pale siku ya zawadi wakatazama anapewa nani. Lile kosa limenichukua miaka miwili kulirekebisha, na ramani ya mwaka ule wa pili ilikuwa nzuri kwa macho tu, wenyewe mashamba waliikataa.

Kuna mfano wa mbali unaonipa moyo. Marekani, jimbo la Virginia, Chuo Kikuu cha James Madison tangu 2005 kina mpango na skuli za sekondari. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanasomeshwa mambo haya ya ramani za kompyuta na walimu wao wenyewe, skulini kwao, na kazi yao inaweza kuhesabiwa na chuo. Kila mwanafunzi anatafuta tatizo la pale pale anapoishi na kulifanyia kazi mpaka mwisho. Yaani kuanzia swali, kwenda kulitafutia data, mpaka ramani. Ukiipima kazi ya kundi lako kwa njia hiyo, huyo msichana amefanya nusu yake ya mwanzo karibu peke yake.

Kwa mkuu usiende na hoja, nenda na daftari. Mfungulie ukurasa, mwambie ahesabu jina la nani limeandikwa mbele ya visima vingapi. Na kwenye pembe ya ramani andika majina ya wote 14, kila mmoja na alichokifanya: huyu kapima kina, huyu kachora, huyu kauliza majina.

MpembaMuscat

Nimesoma jina la Kivunjamitungi nikaiweka simu chini kidogo.

Mie nimezaliwa huko na nimeondoka 1971 nikiwa mtoto. Marehemu mama yangu akikitaja kisima hicho. Njia yake ilikuwa mteremko wa udongo mwekundu, masika unateleza, na mitungi ikivunjika pale kila mwaka. Akisema vigae vilikuwa vingi mpaka watoto wakivichezea. Ikiwa ndicho hicho, pembeni yake kulikuwa na mfenesi mkubwa. Mwambie binti amuulize huyo bibi kama mfenesi upo, na kama anajua kisima kidogo cha chini yake walichokuwa wakikoshea vyombo. Jina lake mama alilitaja na mie limenipotea, ndilo linaloniuma.

Zawadi mpe huyo binti. Na kijana mwenye ramani, mimi nitamletea kitabu au chochote anachokihitaji, utanambia.

BintiMicheweni

Nnashukuru nyote, Mungu akulipeni kheri. Nnarudi na habari.

MpimaNgambo, imeandikwa Arc 1960 pale chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mie nimezipita miaka yote hiyo. Tumeipachika upya. Kijana ndiye aliyebonyeza, na kisima cha msikiti kiliporudi mahali pake darasa zima lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Ile namba ya usahihi tumeanza kuiandika, na visima tisa vya chini ya mikarafuu tutavipima upya.

Kwa mkuu nilikwenda na daftari. Alihesabu mwenyewe kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, hakusema kitu. Kisha akaniuliza kamusi inauzwa kiasi gani mjini Chake Chake. Zitakuwa zawadi mbili, na majina yote 14 yameshaandikwa kwenye pembe ya ramani. Kijana mwenyewe ndiye aliyetaka jina la msichana liwe la kwanza, na mie sikumwambia.

Mzee wangu wa Muscat, mfenesi umekatwa, shina lipo. Bibi alipoulizwa kisima cha chini alicheka sana, akasema kinaitwa Kijungu, kimejaa udongo sasa. Binti anauliza kama ndilo jina alilokuwa akilitaja mama yako.

Nakala moja tumempelekea sheha. Ameitandika barazani kwake, akaitazama muda mrefu, akatwambia tumesahau visima viwili kule ng'ambo ya bonde. Jumamosi tunakwenda, maji yakipungua.