Novemba kwenye maktaba ya mji mdogo Marekani: kuna nini cha kwenda na watoto?

mama_mapacha

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mawazo yenu. Sisi ni wa Uvira, Kongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na sasa tuko mji mdogo hapa Iowa kwa sababu mume wangu alipata kazi kiwanda cha nyama. Anaingia zamu ya usiku, mchana lazima alale, na nyumba yetu ina vyumba viwili tu. Nina mapacha wa miaka minne na binti wa darasa la tatu. Wakati wa joto hatukuwa na shida, walicheza nje mpaka wakachoka wenyewe. Lakini tangu saa zirudishwe nyuma ile Jumapili ya kwanza ya Novemba, ikifika saa kumi na moja hivi jioni jua limeshazama, upepo unachoma masikio, na kazi yangu imekuwa kuwanyamazisha watoto ili baba yao apate usingizi.

Juzi binti amerudi na karatasi ya maktaba ya mji. Imejaa mambo: saa ya hadithi, Lego, kufuma, Medicare, chakula badala ya faini, mti wa glavu (huu mti sijauelewa kabisa). Sasa nauliza: wanalipisha? Wanataka makaratasi ya uhamiaji? Pacha mmoja ana sauti kubwa, akilia si watatufukuza? Na mimi Kiingereza changu ni cha kuokoteza, nitakaa pale nafanya nini?

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, pole na majukumu. Niko Iowa hii hii, mji wetu nao ni mdogo, na kwenye maktaba yetu mimi ni mmoja wa wanaojitolea kusomea watoto. Kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kwa macho.

Hawalipishi. Kuingia ni bure, kuazima ni bure, na programu zote hizo ulizozitaja ni bure. Kadi ya maktaba watakuomba kitambulisho chenye picha na kitu kinachoonyesha unakaa wapi, kwa mfano bili ya umeme au barua iliyokuja kwa jina lako. Makaratasi ya uhamiaji hawaulizi, hayawahusu. Zaidi ya hapo, sheria ya Iowa inataka kumbukumbu za nani ameazima nini ziwe siri. Na kama hujapata hiyo kadi bado, nenda hivyo hivyo. Kukaa, kupata joto na kuhudhuria saa ya hadithi hakuhitaji kadi.

Kuhusu pacha mwenye sauti. Toa wasiwasi. Sehemu ya watoto imetengwa kwa ajili ya watoto, na watoto ni kelele. Akilia sana unatoka naye hadi ukumbini, akitulia unarudi, na hakuna atakayekutolea macho. Wazazi wote mle ndani wamepitia hayo.

Nikueleze saa ya hadithi inavyokwenda, ili siku ya kwanza usijione mgeni. Inachukua kama nusu saa. Mnakaa chini kwenye zulia, kina mama na kina baba pia, mtoto akiwa mapajani au pembeni. Inaanza kwa wimbo wa kusalimiana ambao kila mtoto anatajwa jina, kwa hiyo mtu wa kaunta akikuuliza majina ya watoto, mtajie polepole, ayatamke vizuri. Halafu kitabu, halafu wimbo wa kuruka na kupiga manyanga, halafu kitabu cha pili kifupi zaidi maana uvumilivu umeisha. Mwisho ni kazi ya mikono, na Novemba kazi hiyo karibu kila maktaba ni bata mzinga, ndege anayeliwa siku ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani. Mtoto anaweka kiganja kwenye karatasi, anatanua vidole, wewe unachora kuzunguka kwa kalamu. Dole gumba linakuwa kichwa cha bata, vile vidole vinne vinakuwa manyoya ya mkia. Wanapaka rangi, wanabandika macho ya karatasi kwa gundi, wewe unaandika jina na mwaka nyuma. Hapo mama hahitaji Kiingereza chochote, unahitaji kumshika mtoto mkono usitikisike. Na mama wa pembeni yako atakuomba mkasi, wewe utamwomba gundi, ndivyo watu wanavyofahamiana.

Hili ndilo nataka ulisikie zaidi ya mengine. Novemba ndio mwezi mzuri wa mgeni kuingia maktaba ya mji mdogo, kuliko hata kiangazi. Kiangazi watu wametawanyika, wengine mashambani, wengine safarini. Sasa hivi mahindi na soya vimeshavunwa, wakulima wana nafasi, wazee wanakuja kuuliza habari za bima, wanafunzi wanasubiri wazazi watoke kazini. Mji mzima umeingia ndani, na umeingia humo. Ukienda wiki tatu mfululizo, siku na saa ile ile, watu wataanza kukusalimia dukani. Mumeo kiwandani anafanya kazi na mamia ya watu na wote wanavaa kofia na barakoa. Ninyi mtajulikana kwa nyuso na majina.

Mengine kwenye karatasi yako nitayapitia haraka. Lego ni ya binti yako, wanapewa vipande na kazi ya kujenga, mara nyingi baada ya shule. Kufuma ni kikundi cha kina mama wazee, wanakupa sindano na uzi ukiwa huna, na ni darasa zuri la Kiingereza kuliko unavyodhani, kwa sababu mikono ina kazi na hakuna anayekukazia macho ukitafuta neno. Medicare si yako, ni bima ya afya ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea na baadhi ya walemavu. Wana dirisha la kubadilisha mpango wao kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba, ndiyo maana mwezi huu utakuta washauri wa bure wanaokaa nao mmoja mmoja. Chakula badala ya faini maana yake aliyechelewesha kitabu analeta kopo la maharage au pakiti ya tambi, faini inafutwa, na chakula kinapelekwa kwa wenye uhitaji.

Mti wa glavu ni mti wa kweli au wa plastiki wanaousimamisha karibu na mlango. Watu wa mji wananing'iniza kofia, skafu na glavu mpya, nyingi wamezifuma wenyewe, kwa ajili ya watoto wasiokuwa nazo.

Na kuna moja halimo kwenye karatasi lakini muulize mkutubi. Iowa ina mpango wa kusaidia familia zenye kipato kidogo kulipia gharama za kupasha nyumba joto, unaitwa LIHEAP. Wazee na walemavu wanaanza kuomba 1 Oktoba, wengine wote 1 Novemba, hadi 30 Aprili. Maktaba hawautoi, lakini watakuonyesha ofisi inayohusika na wewe, watakuchapishia fomu, watakusaidia kufungua ukurasa kwenye kompyuta. Aliyekubaliwa kwenye mpango huo hakatiwi umeme wala gesi kuanzia 1 Novemba hadi 1 Aprili. Usichelewe.

Kijana wa Minnesota

Bi Mkubwa kamaliza, naongeza mawili tu. Dada, maktaba nyingi zinaazimisha kile kifaa kidogo cha intaneti, unakwenda nacho nyumbani kama kitabu. Kwa binti mwenye kazi za shule ni msaada mkubwa. Kuna foleni, kwa hiyo jiandikishe mapema.

La pili, uliza kama wana darasa la uraia. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, na ule mtihani wa historia na serikali umebadilika. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wanajifunza maswali 128, kwenye mahojiano unaulizwa hadi 20 na lazima upate 12. Zamani yalikuwa 100, unaulizwa 10, unapita kwa 6. Vijitabu vya zamani bado vimejaa mitaani, msije mkahangaika na orodha isiyo yenu. Mimi nilijifunzia maktaba, na mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuwa akituuliza maswali huku tunakula biskuti.

baba_Asha

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Nilikwenda na wanangu maktaba ya mji wetu, watu wazuri sana, lakini kitabu cha Kiswahili hata kimoja hakuna. Watoto wanarudi nyumbani na mkoba wa vitabu vya Kiingereza, na Kiswahili kinazidi kuwatoka. Naogopa maktaba inawasogeza mbali na bibi yao.

Bi Mkubwa wa Tanga

Baba Asha, hoja yako nzito na mimi inanigusa moja kwa moja, maana wajukuu zangu wamezaliwa huku.

Kwanza, vitabu. Kisichokuwepo rafuni kinaweza kuletwa kutoka maktaba nyingine, hata ya chuo kikuu. Unajaza ombi kaunta, unasubiri, kinakuja. Pia kuna fomu ya kupendekeza vitabu vya kununua. Maktaba ya mji mdogo ina bajeti ndogo, na mkutubi ananunua kile anachoulizwa. Asipoulizwa Kiswahili, atajuaje kama tupo? Jazeni fomu familia tatu nne, mtaona.

Wakati mnasubiri, fungueni African Storybook kwenye intaneti. Ni hadithi za watoto za bure za mradi ulioanzia Afrika Kusini, zimo kwa lugha nyingi za Afrika pamoja na Kiswahili, na unaruhusiwa kuzichapisha. Mimi huzichapisha maktabani, nazikunja na kuzibana pini katikati, watoto wanapaka rangi picha.

Pili, maktaba nyingi za Marekani zina mpango wa vitabu 1,000 kabla mtoto hajaanza shule ya awali. Unaandika kila kitabu ulichomsomea. Kitabu kile kile ukikisoma mara kumi, zinahesabiwa kumi. Na lugha yoyote inahesabiwa. Mama wa mapacha, hili ni lako kabisa, wanao wana miaka minne. Soma Kiswahili, andika Kiswahili kwenye ile karatasi.

Tatu, na hapa nasema kwa moyo wote: nenda ukawaombe saa ya hadithi ya Kiswahili. Mimi sikuajiriwa wala sikusomea ukutubi. Nilimwendea mkurugenzi wa maktaba nikamwambia naweza kusomea watoto kwa lugha yangu. Akauliza siku gani. Basi. Nusu ya watoto wanaokuja si Waswahili, ni wa wakulima wa hapa hapa, nywele za dhahabu. Nikisema "Paukwa!" wanapiga kelele "Pakawa!" kwa sauti moja, na mtoto wa Kikongo aliyekuwa anaona haya kuzungumza Kiswahili mbele ya wenzake, siku hiyo anakaa mbele kabisa, kwa sababu yeye ndiye anayejua sungura anasema nini. Mjukuu wangu mmoja alikuwa akinijibu Kiingereza kila ninapomsemesha. Baada ya wenzake kuanza kumuuliza maana ya maneno, alianza kuniuliza mimi.

Kwa hiyo usiiache maktaba kwa sababu Kiswahili hakimo, Baba Asha. Kipeleke.

dada_Turku

Huku Finland giza la Novemba ni kali zaidi, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kuazima vitabu ni bure kisheria. Kinachonipendeza ni kwamba maktaba nyingi, hata za vijiji, zinafunguliwa kwa kadi na namba ya siri asubuhi na usiku wakati wahudumu hawapo. Unaingia, unaazima kwenye mashine, unakaa, unatoka. Na nyingine zinaazimisha mpaka vifaa vya michezo. Wanangu walijifunza kuteleza kwenye barafu kwa viatu vya kuazima. Mama mapacha, uliza na huko kwenu wanaazimisha nini zaidi ya vitabu. Watu hawaulizi, halafu vinakaa stoo.

mama_mapacha

Shikamoo mama, na asanteni wote. Tulikwenda jana baada ya shule. Kadi nimepata kwa bili ya maji. Binti alijenga daraja la Lego na msichana ambaye kumbe wanakaa darasa moja na hawajawahi kuongea. Mapacha walifanya bata, na yule mwenye sauti alilia kweli, mkutubi akamletea mdoli wa mkononi mwenye umbo la kulungu, akanyamaza. Fomu ya gharama za joto wamenichapishia, Jumatatu napeleka.

Nimebakiwa na maswali mawili. Ule mti nimeuona, una glavu ndogo nyekundu zingewatosha mapacha. Lakini mume wangu anafanya kazi, analipwa. Je, si aibu kuchukua? Na wiki ya Thanksgiving wanafungua?

Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha.

Glavu, chukua. Aliyezifuma alipima mkono wa mtoto, hakupima mshahara wa baba. Nawafahamu kina mama wa kufuma wa kwetu, huzunguka kanisani na sokoni wakitazama kama kuna mtoto amevaa kazi yao, wakimwona wanaambiana. Maktaba nyingine wanakuacha uchukue mwenyewe mtini, nyingine wanakusanya zote na kuzipeleka shuleni zikagawiwe, kwa hiyo uliza kaunta kwanza. Na wewe ukijiunga na kikundi cha kufuma, mwaka ujao utaning'iniza zako.

Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, siku hiyo wanafunga. Ijumaa yake wengi wanafunga pia, na Jumatano wengine wanafunga mapema, angalia karatasi ya mlangoni. Shule nazo zimefungwa na mumeo huenda akawa nyumbani amelala, kwa hiyo nenda Jumanne, jaza mkoba: vitabu vya picha vya mapacha, filamu moja au mbili, na mchezo wa mezani wa binti kama wanaazimisha. Uliza pia tarehe ya kurudisha, ili usije ukalazimika kutoka na watoto kwenye theluji kwa ajili ya kitabu kimoja. Wengi wanakuongezea muda kwa simu.