Tupeane uzoefu: wikiendi na mtoto mtundu wa miaka miwili, mnavukaje?

Mchovu_wa_Jumatatu
Wakuu salaam. Kuna mtu kaandika mahali eti wikiendi ni ya kupumzika, nikacheka peke yangu. Mwenye mtoto wa miaka miwili na kitu anapumzikia wapi? Mi napumzika Jumatatu nikifika kazini. Huyu wangu siku za kazi anaamshwa kwa kubembelezwa, ila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri kashanikalia kifuani ananifungua jicho kwa kidole, "baba, jua!" Jua lenyewe halijatoka. Kufika saa mbili unga wote uko sakafuni na yeye yuko juu yake, rimoti ipo kwenye ndoo, kiatu changu kimoja mpaka leo hakijulikani kilipo. Mama yake akiuliza nani kafanya hivi anaonyeshwa mimi. Hebu mwageni uzoefu, nijue kama niko peke yangu.

Mama_Wawili
Kiatu katazame kwenye pipa la taka. Usiniulize nimejuaje.

Kaka_Mkubwa07
Mchoshe bana. Mpeleke uwanjani asubuhi akimbie mpaka basi, mchana analala kama gogo na wewe unalala.

Bintiye_Mzee
@Kaka_Mkubwa07 una mtoto wewe? Mi nilimchosha. Nilichoka mimi, yeye akarudi kadai tena bembea. Halafu akipitiliza muda wake wa kulala ndo balaa linaanza, analilia maji, ukimpa maji anaililia bilauri nyingine, ukibadilisha bilauri anaililia ile ya kwanza.

Kaka_Mkubwa07
Sina ila nalea wapwa

Bintiye_Mzee
Nilijua tu 😂

Mama_Junia
Ngoja na mimi niseme maana nikikumbuka tumbo linakata mpaka leo. Jumamosi moja baba yake kasafiri, niko mimi na huyu binti, nimebandika sufuria jikoni moto mdogo, nikasema acha nianike nguo mbili tatu hapo nje, hapo hapo mlangoni wala sijaenda mbali, nasikia nyuma yangu KRACHA. Komeo. Lile la chini, ambalo hata sisi wenyewe tulikuwa hatulitumii, sijui alijifunza lini. Nikamwita kwa sauti ya asali kabisa, mama njoo fungua. Akauliza "nani?" Nikasema ni mama. Akajibu "mama hayupo." Jamani! Nikarudia, Junia ni mimi mama yako. "Mama hayupo, katoka." Na kweli nimetoka, ndo shida yenyewe.

Simu iko ndani, funguo ziko ndani, na hata ningekuwa nazo komeo si la funguo. Nikazungukia dirisha la sebuleni namuona kavaa viatu vyangu vya visigino, kaning'iniza mkoba wangu begani anatembea anajitazama kwenye kioo cha kabati, na huku harufu ya kuungua inaanza kutoka jikoni. Hapo nikaacha upole nikapiga kelele. Majirani wakajaa, mmoja kaja na nyundo anataka avunje kioo, mwingine anamshika mkono anasema vipande vitamrukia mtoto, wanagombana hapo, mtoto naye kuona watu wamejaa dirishani kafurahi anatupungia mkono. Mi miguu haipo.

Kuna kijana mmoja mpangaji, mtu ambaye hata salamu tulikuwa hatupeani vizuri, akasema nyamazeni wote ondokeni dirishani. Akaenda mlangoni akagonga taratibu, "Hodi!" Kimya. "Hodi humu ndani!" Tukasikia visigino ko ko ko ko, halafu "Kariiibuuu," komeo hilo likafunguka. Huyu mtoto duniani kote hana anachopenda kama kufungulia wageni. Nilipita hapo kama mshale mpaka jikoni.

Mama_Wawili
"Mama hayupo, katoka" 😂😂😂 nimeamsha watu humu ndani

Mzee_wa_Kona
Huyo kijana apewe zawadi yake. Na sufuria?

Mama_Junia
Sufuria marehemu. Kijana siku hizi ni anko.

Fimbo_Haiachwi
Sasa mnacheka nini? Angechapwa siku hiyo asingerudia. Watoto wa siku hizi mnawaendekeza halafu mnakuja kulia hapa. Na huyo baba yake alikuwa wapi?

Mama_Junia
Nimeandika kasafiri. Soma ndugu.

Bintiye_Mzee
Na kosa ni lipi hapo @Fimbo_Haiachwi, kufunga mlango? Si ndo anavyowaona wakubwa wanafanya kila siku? Umri huo hajui moto ni nini hajui komeo ni nini, utamchapa ajifunze nini zaidi ya kukukimbia?

Fimbo_Haiachwi
Mimi nimechapwa na nimekuwa mtu.

Bintiye_Mzee
Umekuwa mtu wa kugombana na mama za watu saa tano usiku.

Mzee_wa_Kona
Hapo kapigwa

Nesi_wa_Zamu
Nyie endeleeni, mi niseme ya kazini maana zamu za wikiendi ndo tunawapokea hawa. Komeo la chini ng'oeni, wekeni juu asipofika. Ndoo na beseni msiziache na maji, mtoto mdogo anazama kwenye maji kidogo sana ambayo wewe huyahesabu kama maji. Na hiyo rimoti ya mleta mada ndo imenistua, angalieni kama ina zile betri ndogo za duara bapa. Akimeza ikakwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu, na huenda hata asilie. Ukihisi tu kameza usisubiri dalili na usimtapishe, kimbia hospitali.

Baba_Pacha_K
Dah. Wa kwangu alitia kifungo cha shati puani. Mi nikataka kukichokoa na kibanio, mama yake akanipokonya. Kufika hospitali daktari akamwambia mama mtu, ziba pua ile nyingine, weka mdomo wako kwenye mdomo wake kama unambusu, puliza mara moja kwa nguvu. Kifungo kikaruka kikaniangukia mimi. Mtoto akacheka akasema "tena".

Nesi_wa_Zamu
Ndio, ni njia inayojulikana kabisa. Na aliyekupokonya kibanio alikuokoa, ukichokoa unakisukuma ndani zaidi.

Usingizi_Kwanza
Mi nawapa simu. Katuni mwanzo mwisho, nafua, napika, napumzika. Mje mnihukumu.

Nesi_wa_Zamu
Sihukumu ila Shirika la Afya Duniani mwongozo wao wa 2019 unasema mtoto wa miaka miwili skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndo vizuri. Kucheza kwa kujongea angalau dakika 180. Kulala saa 11 mpaka 14 ukijumlisha na kale kausingizi ka mchana, akifika mitatu ni 10 mpaka 13.

Usingizi_Kwanza
Saa 14?? Wa kwangu hajapata huo mwongozo.

Mchovu_wa_Jumatatu
Hizo dakika 180 wangu anazimaliza kabla sijapiga mswaki.

Mama_Wawili
Mi nampa kazi. Anafua soksi zake, anafuta meza, anabeba vijiko kimoja kimoja. Anaharibu ndio, kazi ya nusu saa inakula asubuhi nzima, ila namuona alipo na mikono yake ina shughuli. Ila usimwambie "usiguse", mwambie cha kugusa.

Kaka_Mkubwa07
Wapwa zangu nilijaribu hiyo, wakafua simu

Fimbo_Haiachwi
Mngewachapa

Mzee_wa_Kona
Wewe bado upo?

Baba_Pacha_K
Nesi swali. Komeo la juu tumeshaweka, ila huyu anasogeza kiti anapanda. Tufanyeje?

Usingizi_Kwanza
Toeni viti.

Baba_Pacha_K
Tulitoa. Akaja na ndoo kaigeuza.

Nesi_wa_Zamu
Kama kaigeuza basi haikuwa na maji, mnaendelea vizuri.