Viti vya Bibi vya Chini ya Mwembe: gumzo la kikundi cha familia

Zuhura: Shikamooni wakubwa wote humu. Jamani nataka nimtengenezee Bibi viti vya nje vya mbao, vya kuweka pale chini ya mwembe, lile benchi lake mchwa wameshamaliza miguu ya nyuma na kila nikienda Muheza namkuta kakalia debe. Nataka nitengeneze mwenyewe kwa mkono wangu sio kununua. Sijawahi kutengeneza kiti ila nna msumeno wa mkono, futi, nyundo na jirani ananiazima drili ya kuchaji. Mjomba Athumani naomba uniongoze

Mama Rehema: Marahaba mwanangu. Mungu akubariki, Bibi akisikia hatolala

Bakari: Zuhura safi sana. Cheki hii picha, hivi ndo vizuri vya nje, vinaitwa Adirondack, mgongo umelala na mikono mipana ya kuwekea kikombe. Alivibuni Thomas Lee mwaka 1903 kule Westport New York, miaka miwili baadae mwenzake Harry Bunnell akavichukulia hataza. Mbao za kawaida tu hakuna viungo vigumu

Zuhura: Kizuri kweli 😍 mjomba unaonaje?

Mjomba Athumani: Marahaba mpwa wangu, samahani nilikuwa kiwandani kwenye kelele za mashine. Kiti cha Bakari ni kizuri na nimeshavitengeneza, lakini sio cha Bibi. Angalia kikalio kilivyo chini na kinavyoteremkia nyuma, kijana anakaa anafurahi, Bibi mwenye magoti yale ataingia vizuri ila kutoka ni mpaka aitwe mtu amvute. Na Bibi hapendi kuvutwa mnamjua. Kiti tunaanza na anayekikalia, picha baadae

Shangazi Mwanaidi: Kweli kabisa kaka. Mi mwenyewe lile sofa la kwa Bakari linanitesa kunyanyuka

Mjomba Athumani: Mama Rehema uko hapo nyumbani? Nifanyie hivi, mkalishe Bibi kwenye kiti cha jikoni akiwa kavaa kandambili zake, miguu ikanyage chini yote, halafu pima kutoka sakafuni mpaka pale nyuma ya goti paja linapoanzia. Nipe sentimita

Mama Rehema: Ngoja namwita

Mama Rehema: 43

Mama Rehema: Anauliza kwani anashonewa suruali

Mjomba Athumani: Mwambie anashonewa kiti 😄 43, basi tunaongeza tatu, mbele ya kikalio iwe 46 kutoka chini na nyuma iwe 43. Mteremko huo mdogo unamfanya asiteleze mbele ila haumzamishi. Mikono iwe juu ya kikalio kama sentimita 20 na ije mpaka mbele kabisa usawa wa miguu ya mbele, maana mzee akinyanyuka anasukuma kwa mikono na akisukuma hapo mbele ndo mwili unakuja wenyewe, mkono ukiishia katikati haumsaidii kitu

Mama Rehema: Bibi anasema ana neno. Anasema yeye anachagulia mchele nje, ungo unakuwa mapajani, sasa hiyo mikono isimbane

Zuhura: Haki sikuwaza ungo kabisa

Mjomba Athumani: Hilo neno zito, ahsante Bibi. Basi ndani kati ya mkono na mkono weka 52 badala ya 48 niliyokuwa nafikiria, na uso wa mikono uwe bapa usiwe na mteremko, ungo akitaka kuupumzisha unakaa juu ya mikono yote miwili. Upana wa mkono inchi 4, chai inakaa

Bakari: Sasa mbao gani? Mjomba si utume zile za painzi kutoka Mafinga, huko kwenu na msitu wa Sao Hill mbao bei nzuri

Mjomba Athumani: Ningetuma bure kabisa, ila painzi kavu isiyo na dawa ukiiweka nje Muheza na mvua zile za masika halafu na vuli, na mchwa wa pale, haikai. Labda ile ya dawa yenye rangi ya kijani. Na hapo nasema kwa nguvu na wote msikie, vipande vinavyobaki vya mbao za dawa VISIINGIE JIKONI. Nyingi dawa yake ina aseniki, ni sumu, ukichoma moshi na majivu yake ni hatari. Bibi anapikia kuni na hatupi kipande cha ubao hata kiwe kidole. Kwa sababu hiyo tu mi nasema tusiipeleke pale nyumbani

Shangazi Mwanaidi: Astaghfirullah sikujua hili. Mafundi wa paa walituachia rundo zima uani mwaka jana!

Mjomba Athumani: Lifukieni mbali na kisima, au litumieni kwa kazi nyingine za ujenzi. Moto hapana

Mjomba Athumani: Zuhura wewe uko Tanga, hapo Muheza kuna shamba la mitiki la Longuza, mtafute mwenye yadi anayeuza mbao za mtiki. Mtiki una mafuta yake ndani, mchwa hawaupendi na maji hauyaogopi, unaweza kuuacha bila rangi miaka na miaka unageuka kijivu tu. LAKINI sikiliza vizuri, ni ile sehemu ya moyo ya kahawia. Ile ya nje nyeupe nyeupe chini ya gome inaliwa kama mti mwingine wowote, na mitiki michanga inayopunguzwa shambani ina nyeupe nyingi. Utauziwa ubao nusu kahawia nusu mweupe unaambiwa mtiki, ni mtiki kweli lakini nusu yake ni chakula cha mchwa. Geuza kila ubao pande zote. Ukiwa na weupe kidogo pembeni utumie kwenye mgongo juu, miguuni weka kahawia tupu

Zuhura: Nimeelewa. Na ukavu ntajuaje mjomba?

Mjomba Athumani: Beba mbao mbili za saizi moja mkononi, nzito ina maji. Angalia pia kichwa cha ubao kama kina nyufa changa. Mbichi ukiifunga leo miezi mitatu mbele skrubu zimelegea na vibao vimepinda. Sisi mafundi tunahesabu karibu mwaka kwa kila inchi moja ya unene ikikauka yenyewe kivulini, kwahiyo usinunue mbichi ukasema utaikausha, nunua iliyokauka. Dai risiti, na ukiwa unavusha mbao kutoka wilaya hadi wilaya uliza kabisa kuhusu kibali cha kusafirishia, usije simamishwa kwenye kizuizi

*Jumamosi*

Zuhura: [picha] Shikamoo mjomba. Nimepata mbili kwa tatu na moja kwa tatu, na ubao mmoja wa moja kwa nne wa mikono. Nimegeuza kila mmoja mpaka mwenye yadi akaniuliza natafuta nini 😂 zimepigwa randa palepale

Mjomba Athumani: Marahaba mama. Hizo ni mbao! Rangi imekolea. Sasa vaa barakoa au funga kitambaa puani ukikata na kupiga msasa, vumbi la mtiki linawasha ngozi na kifua. Na usishangae msumeno kuwa butu mapema, mtiki una kitu kama mchanga ndani yake unakula meno

Mjomba Athumani: Kata hivi. Miguu minne ya mbili kwa tatu, sentimita 65 kila mmoja. Mbao mbili za pembeni zinazobeba kikalio, nazo mbili kwa tatu. Tengeneza kwanza mbavu ya kulia, yaani mguu wa mbele, mguu wa nyuma na ubao wa pembeni, ilaze chini sakafuni, halafu mbavu ya kushoto uitengeneze JUU ya ile ya kulia ikiwa imelala, mguu juu ya mguu, uso wa ndani ukitazama wa ndani. Hapo zinatoka pacha bila kupimapima upya. Anayeanza anapotea kwenye vipimo vya mara ya pili

Zuhura: Nafunga na misumari au skrubu?

Mjomba Athumani: Mguu na ubao wa pembeni ni bolti. Bolti za spana 13, ndefu inchi 4 na nusu, na washa pande zote mbili, uombe zilizopakwa zinki zisishike kutu. Mbili kila kiungo, zisiwe mstari mmoja, moja juu kushoto na nyingine chini kulia, ili kiungo kisizunguke. Msumari kwenye kiti cha nje unatoka, mbao inavimba mvua inasinyaa jua, kila mara inausukuma nje kidogo mpaka unamchana mtu kanga

Shangazi Mwanaidi: Ndo maana lile benchi la msikiti lilinichania baibui!

Bakari: Na gundi?

Mjomba Athumani: Hapa sio lazima. Mtiki una mafuta gundi inashindwa kushika mpaka uufute na thina kwanza. Bolti zinatosha na baadae ubao mmoja ukiharibika unafungua unabadilisha, kiti kinaendelea

Zuhura: Vibao vya kukalia nimehesabu sita, sawa?

Mjomba Athumani: Sita sawasawa. Kila kimoja sentimita 7, sita ni 42, na nafasi tano za nusu sentimita inakuwa 44 na nusu, ndo kina tunachotaka. Nafasi usipime kwa futi, weka msumari wa inchi 4 katikati ya kibao na kibao uwe kipimo chako, ukishafunga unauchomoa unaenda nao kibao kinachofuata. Nafasi hizo ni za maji kupita, kiti cha nje kinakufa pale maji yanapokaa, sio pale yanaponyesha. Na toboa tundu dogo kwanza kabla ya skrubu hasa karibu na mwisho wa kibao, ukilazimisha kinapasuka mbele ya macho yako

Mjomba Athumani: Mgongo, simamisha mbao mbili za mbili kwa tatu ndani ya mbao za pembeni, halafu kuna upau mmoja unaoshika miguu miwili ya nyuma kwa juu, mgongo unaegemea hapo. Kwenye urefu wa sentimita 70 juu irudi nyuma 18. Usizidishe, Bibi hataki kulala anataka kuona nani anapita barabarani

Mama Rehema: 😂😂 amesikia na amecheka. Anasema kweli

*Jumatatu*

Zuhura: [vidio] Kimesimama mjomba!!! Nimepima kona kwa kona imetofautiana kidogo sana, nikakisukuma zikawa sawa ndo nikakaza bolti. Ila kinatikisika mguu mmoja

Bakari: Mashallah dada! Aisee

Shangazi Mwanaidi: Hongera mwanangu, mbona kizuri hivi jamani, tena mikono imenyooka

Mjomba Athumani: Hongera sana mama. Kutikisika ni kawaida ndo maana nilisema 65, ile sentimita moja ni ya kusawazishia. Usikate mguu mrefu kwa kukisia, utakata huu kisha ule mpaka kiwe kigoda. Kiweke kwenye sakafu ya sementi iliyonyooka, chomeka karatasi ngumu zilizokunjwa chini ya mguu unaoning'inia mpaka kitulie kabisa. Halafu chukua kipande cha ubao chenye unene wa kama sentimita moja, kilaze sakafuni, weka penseli juu yake na uizungushe kila mguu pande zote nne. Mistari yote minne sasa iko usawa mmoja na sakafu. Kilaze kiti, kata kwenye mstari, kikalio kitashuka kutoka 47 kwenda 46 ya Bibi. Ulipima 47 mbele si ndio?

Zuhura: Ndio 47, uliniambia kwenye simu

Zuhura: [picha] Hakitikisiki hata kidogo. Nimekaa nikajisukuma na mikono nikanyanyuka bila kuinama

Mjomba Athumani: Safi kabisa. Sasa chini ya miguu, pale ulipokata ndo mdomo wa mbao, maji yanapandia hapo. Simamisha kila mguu kwenye kopo lenye mafuta ya linsidi, duka la rangi wanayo, inywe usiku mzima. Na kitambaa utakachofutia mafuta hayo usikikunje ukakitupa kwenye kona, kinaweza kujiwasha moto chenyewe, kitandaze nje kikauke. Juu kote piga msasa kona zisiwe kali, paka mafuta kidogo au acha hivyohivyo. Vanishi usipake, jua la Tanga litaibandua halafu maji yanaingia chini yake yanashindwa kutoka

Shangazi Mwanaidi: Mi nilitaka kusema tukipake oili chafu chini kama tunavyofanyaga kwenye nguzo za uzio

Mjomba Athumani: Kwa kiti hapana dada, itachafua nguo na watoto wanashika. Chini ya mwembe mumuwekee vipande vinne vya pevingi au mawe bapa miguu ikae juu ya hayo, udongo usiguse mbao

Mama Rehema: Mawe yapo, nitawaambia watoto wachimbie leo yawe usawa

Bakari: Mimi nitaleta gari Ijumaa nikipeleke, Zuhura kifunge na godoro kisikwaruzwe

*Ijumaa*

Mama Rehema: [picha] [picha] Ungo umekaa juu ya mikono kama alivyotaka. Kanyanyuka mwenyewe mara nyingi akituonyesha tu. Anasema ahsanteni wanangu, na anasema mgeni akija atakaa wapi

Zuhura: Mwambie cha pili mbao zipo zimebaki. Mjomba cha wageni nacho 46?

Mjomba Athumani: Cha wageni fanya 43 mbele na 39 nyuma, wengi kitawafaa. Mkono shusha hivyohivyo. Cha Bibi kikimaliza masika ukaze bolti zote tena, mbao itakuwa imecheza. Na spana 13 muiache hukohuko kwa Mama Rehema

Shangazi Mwanaidi: Zuhura angalia simu yako nimetuma ya bolti za cha pili, na mi cha kwangu nataka 45 nimeshapima