Matriksi ya vihatarishi na fursa kwa rangi: Excel, Google Sheets au Power BI?

mtunza_rejista: Wakuu, rejista yangu ina vihatarishi na fursa pamoja, maana ISO 9001 ya 2015 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora), kifungu 6.1, inataka vyote vishughulikiwe. Nataka matriksi ya 5 kwa 5, uwezekano huku, athari kule, rangi zijipange zenyewe. Nianze na ipi?

kalamu_nyekundu: Excel inatosha kabisa. Rangi za seli 25 hazibadiliki, kinachobadilika ni kilichomo ndani yake. COUNTIFS itakuhesabia vingapi vimeangukia kila seli. Ukitaka namba za vihatarishi vyenyewe zionekane (V3, V11), unganisha FILTER, inayochuja vinavyohusika, na TEXTJOIN, inayoviunganisha ndani ya seli moja. Sheets nayo inazo zote mbili.

bi_takwimu: Kabla ya programu, kubalianeni alama. Kuzidisha uwezekano kwa athari kunadanganya: 1×5 ni 5, na 5×1 ni 5. Ajali ya kuua inayotokea kwa nadra inapata rangi moja na karatasi kunasa kwenye printa kila siku! Tengeneza jedwali dogo pembeni, seli 25, kila moja iandikwe kiwango mlichokubaliana, halafu INDEX isome hapo na rangi ifuate hilo neno. Wakubwa wakibadili mawazo (na watabadili), unagusa seli moja tu, fomula unaziacha zilivyo.

safuwima: Power BI, programu ya Microsoft ya ripoti za data, ina raha yake kama una rejista za idara nyingi. Rangi unaitoa kwenye kipimo cha DAX (lugha ya fomula ya Power BI) kinachorudisha msimbo wa rangi, mfano #C00000. Ila safu isiyo na data hufichwa. Usipowasha chaguo la kuonyesha vipengele visivyo na data, 5 kwa 5 yako unaikuta 4 kwa 3. Kwa rejista moja, ni kujitafutia kazi.

mpita_njia: Mbona fursa mmeisahau? Fursa kubwa ukiipaka nyekundu, watu wataikimbia badala ya kuikimbilia. Weka matriksi mbili ubavu kwa ubavu, ya fursa iwe imegeuzwa, ili athari kubwa za pande zote zikutane katikati. Vihatarishi viende kijani, njano, nyekundu. Fursa ziende bluu hafifu hadi bluu iliyokolea. Na ndani ya seli andika neno: JUU, KATI, CHINI. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, mwanamume 1 kati ya 12 hivi ana shida ya kuona tofauti ya nyekundu na kijani. Bado hujachapisha kwa wino mweusi mtupu.

mtunza_rejista: Nabaki na Excel, na jedwali la bi_takwimu nalichukua lilivyo. Shida, toleo langu ni 2019, FILTER sioni.

kalamu_nyekundu: Haimo humo, mkuu. Weka IF ndani ya TEXTJOIN, halafu ufunge fomula kwa Ctrl+Shift+Enter. Enter peke yake haitoshi kwenye 2019.