Viza ya kujitolea shambani Uingereza

Mwuliza, Muheza: Ndugu zangu, nimekulia kwenye michungwa, na sasa shamba moja la Uingereza limenialika nijitolee miezi miwili kwa chakula na malazi tu. Je, viza ya matembezi inatosha?

Jibu, Tanga mjini: Haitoshi, mdogo wangu. Viza hiyo huruhusu kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa, na kujitolea kusiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Chakula na malazi unavyopewa kwa kazi ya jembe huweza kuhesabiwa kuwa ujira.

Jibu, Pangani: New Zealand nayo huyahesabu hivyo. Nakusihi usimfiche ofisa wa uhamiaji, kwani aliyedanganya huweza kuzuiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10.

Mwuliza: Ahsanteni sana. Nitamwandikia mwenye shamba kabla sijalipa ada.