Bajeti ya nyumba Uingereza: mwezi una Jumamosi ngapi?

Mama wa watatu, Leicester

Ndugu zangu, habari za baridi.

Mwezi uliopita mmoja wenu aliuliza kama kuna mwenye njia ya kujua pesa ya chakula inapotelea wapi. Niliahidi kujibu nikipata siku. Leo sina zamu na watoto wako shule, basi kaeni vizuri, maana ni ndefu.

Sisi tulianza kuandika kwa sababu ya ugomvi. Ilikuwa Novemba 2022. Mume wangu aliamini natuma pesa nyumbani kwa siri, na mimi niliamini yeye anakula nje akiwa kazini. Kila ikifika tarehe 20 akaunti imekauka, na mbele za watu sote tuna jibu moja: "Vitu vimepanda." Ni kweli vilikuwa vimepanda. Machi 2023 takwimu za serikali zilionyesha chakula kimepanda zaidi ya 19% ndani ya miezi 12, kiasi ambacho nchi hii haikukiona tangu miaka ya 1970. Lakini hilo jibu lilitufaa kupita kiasi. Ukishasema vitu vimepanda, hakuna anayekuuliza swali la pili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nikaenda kununua daftari la shule.

Miezi miwili ya kwanza nilipoteza wino tu. Niliandika "supamaketi, pauni 94" nikafunga daftari. Hapo hujifunzi kitu. Ndani ya ile 94 kuna mchele, lakini pia kuna nepi, sabuni ya kufulia, soksi za shule na sufuria niliyoiona imepunguzwa bei nikaihurumia. Tangu Januari 2023 risiti naivunja mezani kabla sijavua koti: chakula cha kupika, vitafunwa, vitu vya usafi, mengineyo. Safu ya tano ni "duka la kona", yaani vile vya kuokoteza katikati ya wiki. Hiyo ndiyo iliyotuaibisha, nitairudia.

Kingine, nina orodha ya vitu 12 ambavyo nyumba yetu haiwezi kukaa bila. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naandika bei zake, nimenunua au sijanunua. Siandiki bei ya pakiti. Naandika bei ya kilo au ya lita, ile iliyoandikwa kwa vijiherufi vya siafu kwenye lebo ya rafu. Pakiti hupunguzwa gramu huku bei imesimama palepale na picha ya mbele ni ileile, na wewe unaondoka ukidhani hakuna kilichobadilika. Maduka makubwa yanalazimika kuonyesha bei ya kilo kwa amri iliyotoka mwaka 2004. Duka dogo, lisilozidi mita za mraba 280, halilazimiki, ndiyo maana kwenye maduka yetu ya vyakula vya Kiafrika inabidi utoe simu upige hesabu mwenyewe. Igawanye bei ya mfuko wa sembe kwa kilo zake. Kuna siku nilikuta mfuko mkubwa ni ghali kuliko miwili midogo, na nilikuwa nimeubeba kwenye basi mwaka mzima nikijiona mjanja.

Sasa matokeo. Januari 2023 vile vitu 12, kila kimoja kwa kipimo chake, vilifika jumla ya £31.40. Januari 2024 vikafika £33.90. Hiyo ni karibu 8%. Lakini matumizi yetu yote ya kula, pamoja na vitafunwa na duka la kona, yalitoka £430 kwa mwezi hadi £540. Kama ingekuwa ni bei peke yake, tungeongeza kama pauni 34 tu. Zile 76 zilizobaki hazikuwa za mfumuko wa bei. Zilikuwa zetu.

Na zilikuwa kwenye safu ya tano. Nikitoka zamu saa mbili usiku sina nguvu ya kupanda basi la pili mpaka supamaketi. Naingia duka la kona kuchukua maziwa. Natoka na maziwa, mkate, juisi, na kitu cha kuwanyamazisha watoto. Nilihesabu safari tisa ndani ya mwezi mmoja. Vitafunwa vyenyewe navyo vinatozwa kodi ambayo mchele hautozwi: vyakula vingi vya kawaida VAT yake ni sifuri, lakini krispi, peremende, soda na aiskrimu zinalipiwa 20%. Biskuti ya kawaida haina, ikipakwa chokoleti inayo. Karanga mbichi hazina, ila zikiwa zimemenywa na kukaangwa au kutiwa chumvi zinayo. Tangu nilipojua hilo nakaanga karanga mwenyewe Jumapili, na watoto wanaona ni sherehe.

Hatukuacha duka la kona. Tumeliondolea sababu. Maziwa yanagandishwa kwenye friza na hayaharibiki, mkate vilevile. Nikirudi usiku maziwa yapo, sina cha kunipeleka.

Mume wangu nilimwomba msamaha. Yeye bado hajaniomba.

Dereva wa usiku, Reading

Shikamoo dada. Nimesoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mke wangu asikie.

Mimi nina tatizo lingine. Nalipwa kila baada ya wiki nne, mkononi napata £1,800. Kodi ya nyumba inakatwa tarehe mosi. Naandika kila kitu kwenye simu. Kuna miezi natembea kifua mbele, na kuna miezi ikifika tarehe 24 naazima pesa ya mafuta. Ukiangalia matumizi yenyewe hayajabadilika sana. Mwezi huu naonekana mtu mwenye akili, mwezi ujao naonekana mlevi, na pombe sinywi.

Mhasibu mstaafu, Coventry

Mwanangu dereva, daftari lako halina kosa. Unapima kwa vipimo viwili tofauti bila kujua.

Wiki nne si mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo wewe una mishahara 13, si 12. Lakini mwenye nyumba anadai mara 12. Siku yako ya mshahara inarudi nyuma siku mbili tatu karibu kila mwezi, mpaka ifike mwezi mmoja upate mishahara miwili, wa mwanzoni na wa mwishoni. Mwezi huo ndio unatembea kifua mbele. Unaponunua viatu na kualika watu, unakula mshahara wa kumi na tatu bila kujua kuwa ndiye huyo.

Fanya hivi. Bili zote za mwezi zipangie £1,800, usizipangie zaidi. Usipige hesabu ya mwaka (1,800 mara 13, gawanya kwa 12, upate 1,950) halafu ukaishi kwa 1,950, kwa sababu hiyo 150 haipo mkononi mwako miezi mingi. Ule mshahara wa ziada mmoja kwa mwaka weka kibubu: bima ya gari, sare za shule, tiketi. Mkeo kama anapokea Child Benefit, ile posho ya serikali ya watoto, nayo kwa kawaida hulipwa kila wiki nne, kwa hiyo inatembea kwenye kalenda kama mshahara wako.

Halafu chakula usikipange kwa mwezi kabisa. Sisi wengi tunanunua Jumamosi. Miezi mingi ina Jumamosi nne, mingine ina tano. Mwaka huu wa 2026 zenye tano ni Januari, Mei, Agosti na Oktoba. Mtu anayetumia £120 kila Jumamosi atatumia £480 Aprili na £600 Mei, na atasema Mei vitu vilipanda. Dada yetu wa Leicester alibahatika, Januari zake zote mbili zilikuwa na Jumamosi nne. Angelinganisha Februari na Machi ya 2024 hesabu ingemdanganya.

La mwisho, kodi ya kaunsili, ile inayolipwa halmashauri ya mtaa. Watu wengi wanailipa kwa awamu 10, Aprili hadi Januari. Februari na Machi hazikatwi. Mwaka wangu wa kwanza nchini nilidhani kaunsili imenisahau, nikanunua televisheni. Una haki ya kuomba ulipe kwa awamu 12, kila mwezi inakuwa ndogo kidogo. Omba mapema, kabla mwaka mpya wa kodi haujaanza Aprili. Na nyumba yenye mtu mzima mmoja tu inapunguziwa 25%, lakini ni lazima aombe; haiji yenyewe.

Dereva wa usiku, Reading

Mzee wangu, Mei mwaka jana niligombana na mke wangu kuhusu nyama. Ilikuwa na Jumamosi tano. Nimekwenda kuangalia kalenda sasa hivi.

Mlezi wa wazee, Leeds

Samahani wakubwa, mtanisamehe nikisema ninavyoona.

Daftari ni zuri kwa mwenye nacho cha kuhamisha kutoka safu hii kwenda ile. Mimi niko na watoto wawili, mmoja darasa la mwaka wa 1, mwingine mwaka wa 5. Nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee, viza yangu ina sharti la kutogusa fedha za umma, yaani posho za serikali. Duka la kona siingii. Krispi hatununui. Nimeandika miezi mitatu, na kila mwezi daftari linaniambia kitu ninachokijua: haitoshi. Nilichojifunza ni kwamba wiki ya mwisho mimi ndiye ninayepunguzwa sahani. Nimeacha kuandika, inanitia uchungu bure.

Mama wa watatu, Leicester

Mdogo wangu, umenishika. Niliandika kama mtu ambaye kosa lake lilikuwa maziwa ya usiku. Wewe huna kosa la kurekebisha, una pengo. Kwa hiyo sikwambii kata.

Ila hiyo miezi mitatu uliyoandika usiitupe. Hiyo ndiyo karatasi utakayoiweka mezani unapoomba msaada, na inasikilizwa kuliko maneno. Mtoto wa mwaka wa 1 anakula bure shuleni, hapo England watoto wote wa reception (darasa la kuanzia), mwaka wa 1 na wa 2 wanakula bure bila kuangaliwa kipato. Hakikisha anakula huko na si kubebeshwa cha nyumbani. Huyu wa mwaka wa 5 nenda ofisi ya shule uulize. Siku hizi familia zenye sharti kama lako nazo zinaweza kuombewa chakula cha shule kwa kipimo cha kipato, na hakihesabiwi kuwa fedha za umma. Wengi wetu hatuombi kwa sababu tumeogopeshwa na lile neno kwenye viza.

Benki ya chakula nayo ni ya hisani, haina uhusiano na viza yako. Nyingi zinataka rufaa: shule, daktari wako au Citizens Advice, lile shirika la ushauri wa bure, wanaweza kukuandikia. Lakini Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo) na Child Benefit ni fedha za umma, usizijaze fomu kwa kusikia kwa jirani. Nenda kwanza kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Na wiki ya mwisho usile mkate mkavu ukanyamaza. Niandikie pembeni.

Baba wa mapacha, Milton Keynes

Nashangaa mpaka sasa hakuna aliyetaja nyumbani. Basi nitaje mimi.

Sisi safu kubwa kuliko duka la kona ni simu za nyumbani za kuombwa pesa. Ada, dawa ya mama, mchango wa msiba, mchango wa harusi ya binti wa jirani ambaye mara ya mwisho kumwona alikuwa ananyonya. Zamani tulikuwa hatuiandiki, kwa sababu kuiandika kulionekana kama kumsimanga mtu. Matokeo yake ilikuwa inachotwa kimyakimya kwenye chakula, halafu tunalaumu supamaketi.

Sasa ni mstari wa kwanza kabisa, juu ya kodi ya nyumba. Kiasi ni kilekile kila mwezi na kinawekwa kwenye akaunti yake. Msiba ukija unatoka humo. Mwezi usio na msiba pesa inabaki humo humo kungojea. Ikiisha nasema imeisha, na kwa kuwa nina tarakimu mbele yangu, nasema bila kutetemeka. Kaka yangu alinuna wiki mbili. Ya tatu alipiga kuuliza hali ya watoto tu, mara ya kwanza kwa miaka.

Mama wa watatu, Leicester

Walioniuliza ile orodha ya vitu 12: mchele, sembe, unga wa ngano, maharage makavu, mafuta ya kupikia, vitunguu, nyanya za kopo, maziwa, mayai (naandika bei ya yai moja), mapaja ya kuku, ndizi mbivu, majani ya chai. Yenu iwe ya kwenu. Asiyekula sembe asiiandike kwa heshima yangu.

Angalizo moja. Ukishachagua usibadilishe katikati ya mwaka. Mwaka jana nilikuwa naandika mapaja yenye mfupa, Julai yakakosekana, nikaandika yasiyo na mfupa nikasahau kuweka alama. Orodha iliruka, nikapita nyumba nzima nikitangaza kwamba bei zimeanza kupaa tena kama 2023. Mume wangu akalichukua daftari, akalitazama dakika moja, akauliza, "Huyu kuku mfupa wake uko wapi?"